Donge la Wanga

Tangu ajifungue, dunia nzima ilimnukia vibaya. Maziwa yake mwenyewe, yakikauka kwenye blauzi, yalinuka kama tambara la kudekia lililosahauliwa ndooni. Supu aliyopikiwa na mama mkwe ilifanya utando wa mafuta juu, na akiuona ule utando ukikunjamana kwenye kijiko, alikirudisha bakulini.

Kazini ndiyo usiseme. Alikuwa dobi, na kazi yake ilikuwa kupokea shuka za nyumba ya wageni na kuzikagua doa kwa doa kabla hazijaingia mashineni. Nywele za watu asiowajua. Makohozi. Udenda wa usingizini uliokauka na kuchora ramani kwenye foronya. Zamani alizikunjua huku anaimba. Siku hizi alizikunjua huku amebana pumzi.

Kitu kimoja tu hakikumtia kinyaa, nacho kilikuwa wanga.

Ni wanga ule wa kukazia kola za mashati, uliokaa ndani ya gunia nyuma ya mashine ya kukamulia. Unyevunyevu wa chumba uliugandisha madongedonge. Alianza kwa kuunusa tu. Kisha akalamba kidole. Sasa aliwavizia wenzake wageuke, akachopoa donge, akalivunja kwa magego, na ule ukavu ulipomumunyika kinywani alifumba macho kwa raha. Raha yenyewe haikudumu. Nyuma yake ilikuja karaha ya kujionea mwenyewe: mtu mzima, mama wa mtoto, anakula kitu cha kukazia nguo za watu, tena kutoka gunia wanalotembelea mende.

Hakumwambia mtu. Nyumbani walikuwa wamekwisha kuchoka na kuchoka kwake. Akipanda ngazi alikaa kitako kila zinapopinda. Mtoto alimbeba akiwa ameketi tu, maana akisimama naye mikono ilimtetemeka, na hofu ya kumwangusha ilimkausha mate. Kumwogesha alimwachia mama mkwe.

"Mwanangu, mtoto anakaa sasa, na wewe bado unajikokota kama umejifungua jana," mama mkwe alimwambia asubuhi moja, akimsogezea kikombe. "Kunywa chai, nimeikoleza majani. Itakuchangamsha."

"Ahsante, mama."

Aliinywa yote, akampa mtoto ziwa, akaondoka. Njiani alipumzika mara kadhaa, ukuta huu na ukuta ule, kwa hiyo alifika kazini kila mtu ameshaanza na bosi ameshasema aliyokuwa nayo ya kusema.

"Mzazi!" mpiga pasi alimwita. Alikuwa mama mnene mwenye maneno mengi, na wote walimwita Shangazi. "Umefika au umetuma kivuli?"

"Nimefika, Shangazi."

"Haya, shuka zinakungoja. Zenyewe hazina miguu ya kuingia mashineni."

Shuka ya kwanza ilikuwa na matapishi. Akaikunja haraka, akasogea nyuma ya mashine ya kukamulia, mkono ukajua wenyewe pa kwenda. Donge likaingia kinywani.

"Eti," Shangazi alisema bila kugeuka, pasi yake ikifoka mvuke, "lile gunia kuukuu usiliguse, wewe hukuwepo tulipoambiwa. Bosi kaona limechokonolewa, kasema ni panya. Wanga mpya kaufungia kabatini, na hilo kalitia sumu. Leo panya atakoma!"

Dobi alisimama na taya zake zikasimama. Kisha akatema kiganjani. Ulikuwa uji mzito, mweupe, wenye vipunje vya kijani.

Je, alikuwa amemeza? Hakujua. Akajitia vidole kooni, akatapika chai ya mama mkwe juu ya rundo la shuka zilizokwisha kufuliwa.

Shangazi akageuka. Alitazama shuka, akatazama kile kiganja, na uso wake ukajikunja kama mtu aliyekanyaga kinyesi pekupeku.

"Wewe? Panya ni wewe?"

"Mtoto wangu ananyonya," dobi alisema. "Shangazi, mtoto wangu ananyonya!"

Bosi alitokea mlangoni. "Nini tena? Anakula wanga? Wanga wangu?"

"Wanga wako utauzungumza baadaye," Shangazi alimkata, akizima pasi. "Lete pakiti ya hiyo sumu. Tunakwenda zahanati."

Daktari alisoma ile pakiti pande zote kabla ya kusema lolote. Akauliza mtoto alinyonya lini.

"Asubuhi, kabla sijatoka."

"Basi hilo halijamgusa. Ila usimnyonyeshe tena mpaka nikuambie." Akamvuta kope la chini, akalitazama kwa muda. Akamtazama kucha. "Wanga umeanza kula leo?"

Dobi aliinamisha kichwa. Shangazi alikuwa amekaa pembeni, anasikia kila kitu. "Tangu nijifungue."

"Ulipojifungua ulitokwa na damu nyingi?"

"Walisema nyingi. Lakini waliniruhusu, nikajua yameisha."

Alitolewa damu, akalazwa akiangaliwa. Daktari aliporudi na majibu alivuta kiti. "Ulichoonja ni kidogo na umekitema. Utarudi nikupime tena ili tuwe na uhakika. Lakini sumu haimalizi damu ya mtu kwa asubuhi moja. Hii yako imepungua siku nyingi. Madini ya chuma yamekuishia mwilini, ndiyo maana huna nguvu. Na ukosefu huo humfanya mtu atamani vitu visivyoliwa: barafu, udongo, chaki. Wewe umeangukia wanga."

"Kwa hiyo si uchafu wa tabia?" Shangazi aliuliza.

"Si tabia. Ni ugonjwa, na unatibika."

Shangazi alijifuta jasho. "Na mimi nikamwita panya," alisema taratibu.

Vipimo vilivyofuata vilikuwa salama, na mtoto akarudishiwa ziwa lake. Vidonge vya madini ya chuma alivyopewa ndivyo vilivyokuwa adhabu mpya. Vilimwachia kinywani ladha ya ufunguo wa zamani, na chooni aliona weusi wa lami uliomfanya ageuze uso. Mama mkwe alielezwa kwamba chai isikaribiane na vidonge, kwa kuwa huzuia chuma kuingia mwilini, akaificha chupa huku ananung'unika, "Chai nayo imemkosea nani?" Lakini aliificha.

Hamu ya wanga haikuondoka upesi. Shangazi alihamisha meza yake ya kupigia pasi ili aone nyuma ya mashine ya kukamulia, na kila dobi aliposogea huko, Shangazi alikohoa kumwonya.

Siku moja bosi alimwagiza dobi akoroge wanga wa mashati. Alifungua gunia jipya la kabatini, na harufu ikampanda puani: chokaa mbichi, vumbi, mende. Akarudi nyuma amejiziba pua.

"Shangazi! Hiki kitu kinanuka!"

"Kinanuka siku zote, mwanangu," Shangazi alisema, akicheka mpaka akaiweka pasi chini. "Karibu tena kwetu."

Jioni alipanda ngazi moja kwa moja, akafika mlangoni ndipo akakumbuka kwamba hakukaa. Ndani, mama mkwe alikuwa amemshika mtoto mbali na kifua chake, uso kaugeuzia dirishani. Mtoto alikuwa amejichafua mpaka mgongoni.

"Mwanao huyu kaoza," mama mkwe alisema. "Kaa basi nikupe."

"Nipe hivi hivi, mama. Nitamwogesha mimi."

Alimpokea akiwa amesimama. Mtoto alinuka vibaya kweli. Dobi alikunja pua, akambeba mpaka bafuni, na mikono haikutetemeka.