Ngazi Moja kwa Siku

Uzi mwekundu ulikuwa umemng'ang'ania dada yangu begani. Niliuona tukiwa mlangoni mwa ukumbi wa maktaba, watu wakitupita na nguo zao za kutokea, nikaunyofoa haraka kabla mtu hajauona. Dada akacheka. "Nyuzi hizohizo ndizo zilizokusomesha, bwana mwandishi," akasema. Mimi sikucheka. Nilimwambia viti vya mbele vimewekewa wageni rasmi, akae kule nyuma chini ya feni, atapata upepo. Viti viwili vya mbele vilibaki vitupu mpaka shughuli ikaisha.

Miaka kumi na mmoja imepita, na bado nikiona uzi kwenye nguo ya mtu masikio yananiwaka moto.

Nilikuwa na miaka sita mama alipofariki, na watu wazima wakaona heri niambiwe kwamba amesafiri. Dada alikuwa na kumi na saba. Aliacha shule akaenda kuuza kwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambako mwenye duka alichana vitabu vikuukuu akafungia misumari. Siku moja dada akaokoa kimoja. Jaladani palikuwa na msichana anayeshuka ngazi za mawe, kengele shingoni. Alinisomea jioni baada ya jioni, tumekaa kibarazani juu ya gunia, mikono yake ikinuka kutu.

Kilikuwa kitabu cha ufalme wa chini ya ardhi, ambako watu hunyang'anywa sauti zao wakapewa kengele. Msichana anashuka kumtafuta mama yake aliyetekwa na malkia wa huko. Mwishoni anapanda juu, anaitundika kengele yake mlangoni na kuipiga kila alfajiri, ili mama aifuate sauti. Mama anaifuata, lakini kukaa chini muda mrefu kumeifanya miguu yake iwe mizito, kwa hiyo anaweza ngazi moja tu kwa siku.

"Leo amefika ya ngapi?" nilikuwa nikimuuliza dada kila akirudi kazini, hata hajavua viatu.

"Ya arobaini na mbili," alinijibu. "Leo mvua imenyesha, ngazi zinateleza. Lakini amepanda."

Kitabu chenyewe kiliazimwa na jirani, kikaenda moja kwa moja kabla sijajua kusoma, na hakikuchapwa tena. Dada akahama dukani, akapata cherehani, na cherehani hiyo ikanilipia karo mpaka nilipomaliza. Riwaya yangu ya kwanza niliimalizia kwa mtu anayerudi nyumbani hatua moja kwa siku, na mwisho huo ndio ulionitoa. Kila nilipohojiwa nilisema wazi kwamba nimeuazima kwa mwandishi wa kitabu kile, tuliyempachika jina la Mama Kengele sisi wasomaji wake. Nilijiona mtu mnyenyekevu sana.

Ndiyo maana kitabu chake kilipochapwa upya, baada ya miaka yote hiyo, nikaitwa kukaa naye jukwaani. Nakala mpya niliipata mchana wa siku hiyohiyo na sikuifungua. Niisome ya nini, wakati kitabu nakijua kwa moyo?

Mama Kengele alikuwa mdogo wa umbo, amevaa raba, na mkoba wake umejaa peremende za kikohozi. Alinipa moja tulipokuwa tukisubiri kuitwa, nikaitia mfukoni kama hirizi. Jukwaani nikaueleza ukumbi jinsi yule mama wa ngazi moja kwa siku alivyonifundisha kazi ya hadithi ni nini. Nilisema vizuri. Nikamwona ameinama kwangu, ametega sikio.

"Hebu rudia hapo, mwanangu."

Nikarudia.

"Hiyo haimo," akasema taratibu, na najua hakukusudia kuniumbua. "Mimi yule mama nilimwacha hukohuko chini. Msichana anapanda peke yake na ngazi zinaporomoka nyuma yake. Nilikuwa kijana, nina hasira na dunia." Akanitazama kwa hamu ya kweli. "Huo wako ni mzuri kuliko wangu. Nani alikusimulia?"

Nilijua palepale. Kurasa za mwisho zilikwenda na misumari ya mtu kabla kitabu hakijaingia kwetu, na msichana wa miaka kumi na saba akatunga zilizobaki, ili mdogo wake apate mama wa kumsubiri. Alikuwa kule nyuma chini ya feni, kiganja mdomoni. Nilihitaji maneno mawili tu: yule pale.

Lakini mstari wa mbele walikaa wahakiki, wahadhiri na mchapishaji wangu, watu walioniandikia sifa kurasa kwa kurasa. Niwaambie kwamba walichokuwa wakikisifu ni kazi ya fundi cherehani?

"Hakuna mtu, mama," nikasema. "Nadhani niliubuni mwenyewe, utotoni."

Ukumbi ukapiga makofi. Dada naye akapiga, nilimwona.

Baadaye Mama Kengele alinisainia nakala yangu. Aliandika: *Kwa aliyekimalizia kitabu changu.* Tulipotoka nje dada, aliyekuwa amenishikia begi, akaniomba kitabu akakisome, naye ajue kilivyokwisha. Nikamwambia bado nakihitaji. Nikakipandisha rafu ya juu kabisa nyumbani kwangu, mgongo wake ukitazama ukuta. Mama Kengele alifariki miaka mitatu baadaye bila kupata hata barua yangu, na barua hiyo nilikuwa nimeianza mara nyingi.

Mwezi uliopita mke wangu aliniambia dada siku hizi anawaomba wateja wamtungie uzi kwenye sindano, macho yamekataa. Jumamosi mchana nikakishusha kitabu, nikaenda nacho.

"Nisomee basi," dada akasema, akikunja vipande vya kitambaa mapajani. "Zamu yako."

Nilianza na maandishi ya mkono ya ukurasa wa kwanza, nikaishia njiani. "Dada, siku ile ukumbini nilisema kwamba..."

"Nilisikia. Uliniweka nyuma, hukuniweka nje."

Alisema hivyo bila kuacha kukunja. Heri angenitukana. Nikafungua sura ya mwisho nikaisoma yote, mpaka ngazi zilipoporomoka na msichana akabaki peke yake juani. Dada alisikiliza mpaka nukta ya mwisho.

"Kumbe," akasema. "Afadhali kurasa hizo zilifungia misumari." Akakilainisha kitambaa gotini. "Na huyo wetu, sasa hivi amefika ya ngapi?"

Nilifungua mdomo nimjibu. Yule mama nilikuwa nimemwandika, nimesifiwa kwa ajili yake, nimewasainia watu vitabu kwa sababu yake, na sikujua amefika wapi. Niliacha kuuliza mwaka nilioanza shule.

Dada akainua kitambaa kingine.

"Elfu kumi na tano, mia mbili na sita," akasema. "Jana mvua ilinyesha, ngazi zinateleza. Lakini alipanda."