Mbuzi wa Msafara

Watu wakitafuta mahali pa kukutanikia huangalia kivuli, huangalia maji, huangalia choo kiko wapi, basi wanaridhika. Flavia alikuwa anaangalia kitu kingine. Aliangalia watu wanakaa wapi, nani anatazamana na nani, na nani anaachiwa masufuria. Kwa hilo la mwisho alikuwa na kinyongo cha muda mrefu.

Alikuwa nesi wa zahanati huko Kibosho, mwanamke wa makamo, hana mume, ana binti mmoja aliye shule ya bweni. Pikipiki aliizoea kazini, akipeleka chanjo kwenye njia ambazo madereva wa magari huzikataa waziwazi. Aliyemfundisha kuendesha ni mzee Ebenezeri, bwana shamba mstaafu, aliyekimbia nyuma yake siku nzima akimpigia kelele aachie klachi taratibu. Sasa alikuwa na pikipiki yake mwenyewe, Suzuki nyekundu ya mtumba, na ndiye mwanamke pekee katika Chama cha Pikipiki cha Mlimani.

Chama kilikuwa na kanuni chache. Kila mwaka, Krismasi ikishapita na waliorudi kutoka Dar na Arusha wakiwa bado hawajaondoka, wanachama walikusanyika asubuhi kwa mwenyekiti, wakazipanda na kuzishuka njia zote mbovu za Kibosho, kisha wakaishia nyumbani kwa mwenyeji wa mwaka huo. Mwenyeji ndiye anayetoa mbuzi. Mbuzi hufungwa kwenye keria ya mwenyeji, na pikipiki yenye mbuzi ndiyo inayotangulia. Hakuna anayeruhusiwa kuipita.

Mwaka mmoja waliishia kwenye baa moja ya Pasua, kule mjini, aliyoitafuta Mathew, katibu wa chama, kijana wa mjini mwenye simu ya mkononi kiunoni. Spika mbili kubwa ziliwekwa mlangoni, na watu ambao hawakuwa wameonana mwaka mzima wakashinda wakioneshana vidole na kutikisa vichwa. Mwaka mwingine walikaa kwenye uwanja wa parokia, viti vya plastiki vimepangwa mistari, kila mtu anatazama kisogo cha mwenzake. Lakini mara nyingi walikuwa kwa mwenyekiti, Wenseslaus, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini. Kwake kila kitu kilikuwepo: kivuli, bomba, choo cha kuvuta. Na nyuma ya nyumba kulikuwa na migomba.

Migomba hiyo ndiyo iliyomchosha Flavia. Mbuzi akishashushwa, wanaume wote walipotelea huko kwenye kichinjio. Huko ndiko maini yalichomwa, kisusio, ule mchuzi wa damu ya mbuzi, kikanywewa kingali moto, kata ya mbege, pombe ya ndizi, ikazunguka. Na huko ndiko maneno yote yalikosemwa: nani anauza pikipiki, daraja gani limekatika, nani amefiwa, nani achaguliwe. Wanawake walibaki uani na ndizi. Flavia naye alibaki uani na ndizi, helmeti yake chini ya kigoda, akisikiliza vicheko vya watu aliopanda nao mlima saa moja iliyopita. Nyama ilipoletwa mezani, mazungumzo yalikuwa yameshakwisha.

Ndiyo maana mwaka uliopita alisimama akasema, "Mwakani kwangu." Wakampigia makofi.

Alikitengeneza kiwanja chake mwaka mzima. Alikuwa amekinunua mwenyewe, kwa sababu kihamba cha baba yao, shamba la urithi, walipewa kaka zake. Alisawazisha uwanja mbele ya nyumba, akapigilia mabenchi kuzunguka duara moja, akaweka jiko la mawe katikati, na kichinjio papo hapo kwenye majani, mbele ya macho ya kila mtu. Pikipiki alizipangia mahali upande wa juu, ili aliyekaa azione, maana alijua kwamba mgeni asiyekuwa na wa kuongea naye huanza kwa kuulizia pikipiki. Spika hakutaka hata kuziona. Alichokitaka ni siku moja tu, akae benchi moja na wenzake kuanzia mbuzi anaposhushwa mpaka watu wanapoagana.

Asubuhi ya siku yenyewe alifika kwa Wenseslaus na mbuzi wake kwenye keria, beberu mwekundu aliyemfuata mnadani Sanya Juu, amefungwa ndani ya kiroba kichwa kikiwa nje. Alitegemea kukuta pikipiki zimepangwa tayari kwa safari. Alikuta turubai limesimamishwa, meza zimetandikwa vitambaa, na moshi unatoka migombani. Justina, mke wa Wenseslaus, alikuwa uani na kilima cha ndizi mshare. Alimpa kisu na kikopo cha mafuta ya kupaka mikono ili utomvu usishike.

"Njoo tusaidiane, mdogo wangu. Ziko nyingi."

"Za nini hizi? Si tunakwenda kwangu?"

Justina aliacha kumenya. "Kumbe hawajakuambia."

"Kuniambia nini?"

"Wamehamishia hapa. Kamati ilikaa juzi. Nilidhani unajua." Akainamisha macho. "Hata mimi niliambiwa jana jioni, nimeambiwa nitafute ndizi."

Flavia alisimama pale na kisu mkononi. Aliyakumbuka mabenchi yake, misumari aliyoipigilia mpaka kidole gumba kikavimba, na akaona jinsi walivyomwacha aendelee kupigilia. Hasira ilimpanda yote kwa mara moja. Hakuuliza tena, aliviweka kisu na kikopo juu ya ndizi, akazunguka nyumba na kuingia migombani, ambako mwanamke haingii.

Maneno yalikatika. Walikuwa wamekaa juu ya magogo wakilizunguka jiko, kata mkononi mwa Wenseslaus, aliyevaa shati jeupe la Krismasi ambalo mikunjo ya kifungashio haijatoka.

"Shikamoo, mzee Ebenezeri," alisema Flavia, maana mzee hakosi salamu yake.

"Marahaba, mwanangu."

"Mwenyekiti, nasikia tumehama."

Wenseslaus alitabasamu tabasamu lake la dukani, akamwita mama kwa Kichaga. "Karibu, mae. Tulikuwa tukuite tukueleze kwa utaratibu. Kamati ilikaa."

"Mimi si mwanachama?"

"Ni mwanachama, tena mzuri. Na kiwanja chako tumekiona, hakuna asiyekisifu. Ila kichinjio kinataka mwanaume wa kukisimamia. Sasa kwako mwanaume ni nani? Tukija watu wazima na ndevu zetu, tunapokelewa na nani?"

"Na mimi."

Mmoja alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

"Halafu umekiweka mbele ya nyumba," Wenseslaus aliendelea, kwa upole uleule uliozidi kumuudhi. "Akina mama wapo, watoto wapo. Tutaongea nini pale?"

"Haya mnayoongea huku."

"Hayo ndiyo hayaongeleki mbele yao, mae."

Mathew aliingilia. "Dada, usimaindi. Tulitaka kukupigia, ila netiweki huku inasumbua."

"Jana ulinibipu mara mbili," Flavia alisema. "Nilipokupigia ukaniuliza kama mbuzi ni mnene."

Mathew aliishika simu yake kama vile imelia. Flavia akamgeukia Ebenezeri. Alimngoja aseme. Huyu ndiye aliyewaambia wenzake mwanzoni kabisa kwamba mpanda pikipiki ni mpanda pikipiki, akamleta chamani mwenyewe. Mzee alikuwa anatazama buti zake, anasugua tope kwa kijiti, anasugua tena palipokwisha kusafika. Wenseslaus alimkasirisha Flavia, lakini Ebenezeri alimuumiza.

"Sawa," alisema. "Mwenyeji wa leo ni nani?"

"Ni mimi," Wenseslaus alijibu. "Nimejitolea kukupunguzia mzigo."

"Na mbuzi wako yuko wapi?"

Wenseslaus alicheka kidogo, akawatazama wenzake. "Mbuzi si yule uliyemleta?"

"Nimeleta mbuzi wa mwenyeji. Kanuni mliandika wenyewe, mwenyeji ndiye anayetoa mbuzi. Mimi nimepunguziwa mzigo, basi na mbuzi ni mzigo."

"Flavia, usilete utoto. Leo utapata wapi mtu mwenye mbuzi wa kuuza? Kila mtu ameshachinja."

"Nalijua hilo," alisema Flavia, akawapa mgongo.

Uani, beberu alikuwa ameshafunguliwa na kufungwa kwenye mti. Flavia alimkokota mpaka kwenye Suzuki. Mipira ya kufungia ilimponyoka kila alipoivuta. Justina alikuja bila kuitwa, akaishika miguu ya mbuzi, akaibana vizuri mpaka kiroba kikafungwa. Wenseslaus alitokea pembeni ya nyumba, kata ingali mkononi, akaita jina la Flavia kwa sauti ya kumwita mtumishi. Flavia alipiga kiki, akaondoka.

Njia nzima ya kushuka alilia. Alilia kwa sauti, maana ndani ya helmeti na mlio wa injini hakuna anayekusikia, na mbuzi nyuma alikuwa analia vilevile. Watoto wa njiani walipomwona mbuzi walisimama kushangilia, wakangoja msafara. Msafara haukuwepo. Wakabaki wanamtazama mwanamke mmoja anapita na vumbi lake, na hilo likamwaibisha kuliko yote aliyoambiwa migombani.

Alipofika alimfunga beberu kwenye mti wa mgrevilea, akawasha moto jikoni pale katikati, akaketi. Mabenchi yote yalikuwa wazi. Yalionekana mengi kuliko siku alipoyapigilia. Alijisemea kwamba hata asipokuja mtu hatarudi kule kuomba, na hatamrudisha mbuzi, atamfuga afie uzeeni. Alilisema hilo kwa kinywa. Halafu akatega sikio upande wa barabara, akajichukia kwa kusikiliza.

Alisikia Honda inayokohoa. Aliijua. Kila mtu Kibosho aliijua Honda ya mzee Ebenezeri, nayo ilikuja ikiyumba kuliko kawaida, kwa sababu nyuma yake alikaa Justina, upande, amekumbatia sufuria kubwa la ndizi. Nusu zilikuwa zimemenywa na nusu bado na maganda yake.

Ebenezeri alizima injini, akavua kofia, akasimama. Flavia hakuinuka.

"Leo hata shikamoo sipati," mzee alisema.

"Nilikupa asubuhi. Ukaitikia, ukanyamaza."

"Nilinyamaza vibaya."

"Ulinyamaza vibaya sana."

Mzee aliitikia kwa kichwa. Hakujitetea, wala hakusingizia umri. "Niambie nikae wapi."

"Kisu unacho. Mbuzi yule pale. Na kichinjio ni hapo hapo, sikihamishi."

Ebenezeri alikunja mikono ya shati, akaenda. Justina alishusha sufuria, akaketi kwenye benchi, akajinyoosha mgongo. "Nimewaacha wanatazamana," alisema. "Jiko la kwangu halina nyama, halina ndizi, na mimi sipo. Waongee sasa."

Wanaume hawakuongea sana huko juu. Beberu hakuwa amemaliza kuchunwa, injini zikaanza kusikika kutoka juu, moja, kisha nyingine, kisha mlio mmoja mrefu. Waliingia wakiwa wanaona haya, wakaegesha upande wa juu bila kuelekezwa, wake zao nyuma na madumu ya mbege yamebanwa katikati. Mathew alisalimia watu wote isipokuwa Flavia, halafu akarudi akamsalimia peke yake. Hawakuwa na pa kujificha. Walikaa kwenye duara, mume, mke, mgeni, walivyokutana. Mtu akaiulizia Suzuki nyekundu imepandaje na mbuzi mlima wote ule, Justina akamjibu kabla ya Flavia, na maneno yakaanza.

Wenseslaus alikuja mwisho. Alisimama langoni bila kuzima pikipiki, akingoja apokelewe kama mwenyekiti. Flavia alipomwona akiwa na lile shati jeupe, hasira aliyodhani imetulia ikampanda tena. Aliinuka, akachukua sufuria lenye ndizi zilizobaki, akamwendea nalo.

"Haya," Wenseslaus alisema, akijaribu kucheka. "Kanuni ni kanuni, msafara umemfuata mbuzi. Yaishe, mae. Nipokee."

"Nikupokee mimi? Kwangu si hakuna wa kupokea watu?"

"Niliteleza ulimi."

"Hukuteleza. Ulisema polepole, neno moja moja, na wenzako wanasikia." Alimwekea sufuria miguuni, na kisu juu yake. "Kichinjio kina mwanaume, Ebenezeri anakisimamia. Ndizi ndizo hazina mwanaume."

Wenseslaus alitazama ndizi, akatazama shati lake. Hakuna mtu wa mlimani asiyejua utomvu wa mshare ukishika kitambaa cheupe hautoki kwa sabuni yoyote. Akamtafuta mke wake kwa macho. Justina alikuwa ameshika kipande cha ini, anamsimulia jirani yake kitu, na kikopo cha mafuta ya mikono kilikuwa kwenye mfuko wa sketi yake. Hakukitoa.

Mwenyekiti alizima pikipiki, akaketi pembeni mwa benchi, akaanza kumenya.

Kata ilimfikia Flavia kwa zamu yake. Hasira ilikuwa haijamtoka. Alikunywa nayo, akampitishia Ebenezeri aliyerudi kutoka kichinjioni. Watu walikuwa wanacheka. Wenseslaus, matone meusi ya utomvu yameshaanza kujaa kifuani, aliinua kichwa na kuuliza wanacheka nini.

"Maliza ndizi kwanza," Flavia alimwambia.