Nyota Nne na Robo Tatu

Nilianza kutoa nyota kwa sababu sikuwa na mtu wa kuzungumza naye. Mchana nachapa barua na kadi za harusi katika duka moja la Mengo, karibu na ukuta wa Lubiri, kasri la Kabaka, na kazi hiyo hainidai maneno mengi. Mteja ananipa karatasi, nachapa, anaondoka. Jioni nikirudi nyumbani Nateete nilikuwa natazama mieleka ya wanawake wa Japani kwenye simu, kisha naandika nilichoona. Ukurasa wangu niliuita Kiti cha Nyuma, maana ndipo ninapokaa kila mahali: kanisani, chuoni nilipokuwa nasoma, hata kwenye harusi ya dada yangu. Sikuweka jina wala picha. Kufikia mwaka jana nilikuwa nasomwa na watu mia nne na kitu, wengi wao Wakenya na Wakongo wanaoishi Kampala, na wachache wa kwetu Bungoma.

Kipimo changu kilikuwa rahisi. Nyota tano ni pambano nitakalolisimulia nikiwa bibi. Nyota tatu ni pambano zuri ambalo halikunizuia kuendelea kula. Katikati kuna robo robo, na hizo ndizo zilizowafanya watu wagombane nami hadi asubuhi ya pili.

Kilichonivuta kwa Wajapani hakikuwa kuruka wala mavazi. Ni namna wanavyoumia. Kila mtu anayefuata mieleka anajua mshindi amepangwa. Kazi ya mwanamieleka ni kutufanya tusahau kwamba tunajua. Msichana akipigwa goti dakika ya tatu, atachechemea hadi dakika ya ishirini, na hata akishinda atainua mikono akiwa amesimama kwa mguu mmoja. Niliwahi kumpa mwanafunzi mmoja, mwenye nguo nyeusi tupu kama wanafunzi wao wanavyovaa, nyota nne kwa kuchechemea tu. Alikuwa ameshindwa pambano. Nililia, halafu nikaandika.

Nateete nako kulikuwa na mieleka, Jumapili mchana, nyuma ya karakana ya mbao. Mzee Hippolyte, aliyepigana Bukavu ujanani, alikuwa amejenga ulingo wa mbao na matairi, juu yake magodoro, juu ya magodoro turubai. Nilikwenda mara ya kwanza kwa woga, nikakaa mstari wa mwisho na daftari. Mara ya nne, mpambanaji aliyekuwa ametoka kushinda alipita katikati ya watu, jasho likimtiririka, akaja kusimama mbele yangu. Huyo alikuwa Estelle.

"Weye njo Kiti cha Nyuma," alisema, kwa Kiswahili chao cha Goma.

Nikakana.

"Usinidanganye. Watu wote wanapiga kelele, weye unaandika. Nani anakuja kwa catch, kwa mieleka, na kalamu?" Akakaa kando yangu bila kukaribishwa. "Juma ile ulinipa tatu na robo. Ile robo ni ya nini? Ya nywele?"

"Ya namna ulivyoanguka."

"Bon. Basi nikianguka mara mbili utanipa nusu."

Tangu siku hiyo nikawa na mtu wa kuzungumza naye. Jumamosi alikuja kwetu, analala kwa tumbo kwenye mkeka, simu imeegemezwa kwenye chupa ya maji, na tunatazama Wajapani. Yeye hakuangalia nyuso kama mimi. Aliangalia vidole, shingo, mahali miguu inapotua. "Tazama kidevu," alikuwa akisema. "Anakificha kifuani kabla hajaanguka. Hapa kwetu hakuna aliyetufundisha hivyo. Tunaanguka kama magunia." Kisha alikuwa akisimama na kujaribu pale pale, hadi mpangaji wa chumba cha pili agonge ukuta. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Siku za kazi aliuza sombe, majani ya muhogo, sokoni na mama yake, Pélagie. Jumapili alikuwa mtu mwingine kabisa.

Mwezi wa tatu alipigana na Santa, msusi wa Nateete mwenye mabega mapana. Nyumbani niliandika haya, na sitaki kuyaficha:

"Dakika ya kumi na moja Santa anambwaga Estelle kwa nyuma. Estelle anaamka, anageukia upande usio na mtu, anainua ngumi kana kwamba mpinzani yuko pale. Watu wanacheka, halafu wananyamaza. Sijaona mtu wa hapa kwetu akiigiza kizunguzungu namna hii. Hakukiacha hata pambano lilipokwisha. Alitoka akishika ukuta. Aliyeniudhi ni Santa. Alisimama-simama, akamkumbatia mwenzake muda mrefu bila kufanya chochote, kama mtu aliyesahau mpango. Robo ninayoikata ni yake. Nyota nne na robo tatu."

Sikuwahi kumpa mtu wa hapa nyota nyingi hivyo. Watu waliusambaza ule ukurasa. Estelle alinitumia mioyo mitatu myekundu, na Jumamosi hiyo hakuja, alisema amechoka.

Wiki chache baadaye nilipata barua kutoka Japani kupitia ukurasa wangu. Aliyeiandika alikuwa mwalimu wa wanafunzi katika kampuni ndogo ya mieleka ya wanawake. Alisema amekuwa akinisoma kwa msaada wa mashine ya kutafsiri, kwa kuwa niliandika vizuri kuhusu wasichana wake wakati wengine waliwacheka. Walikuwa na nafasi ya miezi mitatu kwa msichana mmoja kutoka Afrika; angelala na kula pamoja nao, akafundishwa. Je, ningeweza kumtumia picha za yule Estelle? Nikatuma video ya pambano la Santa, ambayo Mzee Hippolyte alikuwa ameirekodi.

Nilipomwambia Estelle alikaa chini kwenye ngazi ya duka letu, akafunika uso kwa kitenge chake. Kesho yake alianza kufuatilia hati ya safari ya mkimbizi. Alinunua daftari, akaniomba nimwandikie maneno ya Kijapani: asante, samahani, naomba tena.

Barua ya pili ilikuja mwisho wa mwezi wa nne. Ilikuwa fupi. "Nimetazama dakika ya kumi na moja mara nyingi. Wewe ulikuwepo. Umeandika kwamba anaigiza. Ni kweli? Tafadhali muulize, kisha unijibu. Kwetu mwanafunzi huanguka mara mia kwa siku."

Niliogopa kumuuliza Estelle, nikaenda kwanza kwa Santa. Alikuwa anasuka mteja, na hakuinua macho.

"Wewe ndiyo ulikata mimi robo," alisema.

"Ndiyo, dada. Nimekuja kuuliza kuhusu siku ile."

"Wewe uliandika mimi nasimama-simama. Mimi nilikuwa nashika yeye asianguke." Akavuta uzi wa nywele, akaukata kwa meno. "Unajua sisi tunaongea kwa sikio, tunasema sasa tunafanya hii, sasa ile. Nikamwambia, lala, tumalize. Yeye akaniuliza, wewe ni nani?"

Mteja aligeuza kichwa. Santa akakirudisha mahali pake, polepole.

"Nikaenda kwa Mzee. Nikasema, huyu mtu kichwa yake imeumia. Mzee akanionyesha simu. Akasema, soma, Kiti cha Nyuma anasema ni kuigiza. Akauliza Estelle. Estelle akasema, ndiyo, niliigiza. Sasa mimi niseme nini? Mimi sikusoma shule kama wewe."

Nilitoka pale nikapita njia ndefu hadi kwa akina Estelle. Alikuwa barazani peke yake, anachambua majani ya sombe, amekaa amegeukia ukuta ili jua lisimpige machoni. Nilimsomea barua. Alicheka kidogo, akaendelea kuchambua.

"Mwambie ni kuigiza."

"Estelle. Unakumbuka dakika ya kumi na moja?"

"Nakumbuka nimefunga viatu," alisema. "Nakumbuka mama akinipa maji hapa nyumbani. Katikati hakuna kitu. Katikati ni weye, Nabangala. Nilisoma kwako njo nikajua nilifanya nini."

Yeye ndiye aliyenionea huruma.

"Uliandika vizuri sana. Nne na robo tatu. Ningekuambia nini? Kwamba sikuwa hapo?"

"Na sasa kichwa?"

"Kinauma jua likiwa kali. Na ninasahau-sahau. Juzi niliacha sufuria motoni, mama akapiga kelele kama nyumba inaungua. Ni mambo ya kupita." Akaweka majani chini, akanishika mkono. "Sikiliza. Miaka saba niko hapa. Kila mahali nikiingia naandikwa mkimbizi. Hawa watu wanataka kuniandika mwanafunzi. Ni neno moja tu, mwambie ni kuigiza. Weye ni rafiki yangu ao si rafiki?"

"Na ukianguka tena?"

"Nitaangukia Japani. Huko magodoro ni mazuri."

Nilinyamaza. Maisha yangu yote nimenyamaza pale nilipopaswa kusema hapana, na watu huuchukua ukimya wangu kuwa ndiyo. Estelle naye aliuchukua hivyo. Alinikumbatia, mikono yake ikinuka sombe mbichi, akaniimbia yale maneno matatu ya Kijapani kwa sauti ya wimbo wa kanisani.

Kesho yake wakati wa chakula cha mchana nilibaki dukani. Niliandika kwamba ni kuigiza. Nikafuta. Niliandika kwamba sijui, lakini hilo pia halikuwa kweli tena. Mwishowe nikaandika kila kitu, ukuta alioushika, swali alilomuuliza Santa, jua, sufuria. Nikatuma. Halafu nikafungua Kiti cha Nyuma. Nilikuwa nimewadanganya watu mia nne, na uongo wangu ndio Mzee Hippolyte aliousoma badala ya kumsikiliza Santa. Nikafuta nyota zote za pambano lile, nikaandika kwa nini, hadi lile jua na ile sufuria, nikamwomba Santa msamaha kwa jina. Kwa mara ya kwanza niliweka chini yake jina langu. Nilijiona nimefanya jambo la haki.

Sikumwambia Estelle kwanza. Duka liko mwendo wa nusu saa kutoka kwao na nilikuwa na simu mkononi.

Jibu la Japani lilikuja siku ya pili. Mwalimu alishukuru. Alisema hawatamchukua, na akaomba apelekwe kwa daktari wa kichwa upesi, wala asipande ulingoni tena, popote. Mzee Hippolyte alikuja dukani mwenyewe, kofia mkononi.

"Mademoiselle," alisema, "kosa ni langu, mimi ni mkubwa. Lakini ungekuja kwangu. Mimi ni mtu mmoja. Weye umeambia mia nne."

Estelle alikuja Ijumaa. Kulikuwa na wateja wawili wakingoja kadi zao, akangoja nyuma yao kwa zamu kama mtu mwenye karatasi ya kuchapa. Zamu yake ilipofika aliweka viganja vyote viwili juu ya meza.

"Nimesoma," alisema.

"Nilitaka kukuambia."

"Hapana, ni sawa. Maisha yangu nayajua kwa kusoma kwako. Nikiumia nasoma kwako. Nikikosa Japani nasoma kwako."

"Mwalimu amesema..."

"Nilikuambia miye na weye, barazani. Sufuria ya mama yangu. Sasa watu wa soko wananiuliza kama nimeitoa motoni." Hakupaza sauti. "Ungeniambia hapana. Ningekupiga labda. Lakini ningejua mimi wa kwanza."

Aliondoka. Nilichapa kadi ya harusi iliyofuata na nikakosea tarehe.

Nilimwandikia mara nyingi, hakujibu. Habari zake nilizipata kwa Santa. Mama Pélagie alimpeleka hospitali mwezi wa sita. Wakamwambia apumzike, arudi, apumzike tena. Siku nyingine yuko vizuri, Santa alisema, anataniana na kila mtu. Siku nyingine anauliza jambo moja mara tatu. Mzee Hippolyte alifunga ulingo kwa muda, kisha akaufungua. Mimi bado natazama Wajapani. Msichana akianguka vibaya nasimamisha video, naangalia vidole vyake, shingo yake, miguu inapotua, na mara nyingi siendelei. Sijatoa nyota tangu siku ile.

Jumamosi iliyopita nilikwenda soko la Nateete. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi yake, hata niliyataka. Alikuwa mezani na mama yake, majani yamepangwa mafungu mafungu. Amenenepa kidogo usoni. Aliniona, akatabasamu.

"Karibu, mama. Sombe ya leo hii. Nikutwangie?"

Mama, kama mteja yeyote. Nilimtazama. Nimetazama mapambano zaidi ya elfu moja nikitafuta kitu hicho kimoja tu, pale ambapo uso wa mtu unajisaliti, na niliutafuta kwake: pembe ya mdomo, kope, namna alivyoshika mchi. Kama alikuwa ananiadhibu, hakuteleza hata kidogo. Kama hakunijua, uso wake ungekuwa hivyo hivyo pia. Nilimgeukia Mama Pélagie anisaidie, naye aliinamia mafungu yake, akaanza kuyapanga upya.

"Ndiyo," nilisema. "Nitwangie."

Alitwanga vizuri, kwa mwendo mmoja, akatia kwenye mfuko, akafunga fundo. Akanipa kwa mikono miwili. Nilifungua mdomo kumwambia jina langu. Mwanamke aliyekuwa nyuma yangu alikuwa na haraka, akaniomba nisogee, nikasogea.