Rwot Haonekani Akila

Okidi alipostaafu upolisi hakurudi kijijini kulima. Alipewa cheo kikubwa zaidi: msemaji wa Rwot Saverio, mtawala wa ukoo wao huko kaskazini, aliyehamia mtaa wa Bukoto, mjini, kwa ajili ya matibabu. Ikulu ilikuwa fleti ya vyumba vitatu, na watumishi wake walipishana koridoni kwa adabu, matumbo yakiwa yamevutwa ndani.

Mila ngumu zilikuwa mbili. Rwot haonekani akila, na nyumbani mwake hakiliwi asichokula yeye. Hiyo ya pili haikumuumiza mtu mpaka daktari alipomkataza Rwot chumvi na mafuta. Tangu hapo ikulu nzima, kuanzia Mama Laker, mke wa Rwot, ikala mchicha wa kuchemsha. Suruali za Okidi zikaanza kumkana.

Jumamosi moja aliaga anakwenda msibani, akateremkia Ggaba, kando ya ziwa, kwenye kibanda cha Nabangala, Mkenya aliyesifika kwa sato wa kukaanga. Ameshaagiza ndipo akamwona mzee mezani pembeni, kofia imemfika nyusi, ananyonya kichwa cha samaki. Alikuwa Rwot, ambaye asubuhi ile aliaga anakwenda kusali.

Okidi akafanya kama mila inavyotaka: akampa mgongo, akainama.

"Nani huyo?" Rwot akauliza.

"Hakuna mtu, Rwot."

"Huyo hakuna mtu ameagiza nini?"

"Sato, Rwot. Mkubwa."

"Basi akae. Asigeuke."

Wakala hivyo, mgongo kwa mgongo, chumvi ikipitishwa juu ya bega, Nabangala akiwashangaa. Mara simu ya Okidi ikaita. Mama Laker alikuwa akimtafuta mumewe, kanisani hayupo. Okidi, ambaye kazi yake ni kumsemea Rwot, akaeleza kwamba Rwot yuko kwenye kikao kizito na wazee wa ziwani.

Mama Laker akasikiliza simuni mafuta yanavyochachatika karaini.

"Hao wazee wa ziwani," akasema taratibu, "mwambie Rwot aniletee mmoja. Mwenye chumvi."

Akapelekewa, akajifungia naye chumbani.

Daktari alipompima tena Rwot, presha ilikuwa imepanda, na mzee akakiri yote. Wakapatana: samaki mara moja kwa wiki, wa kuchemsha, chumvi ya kuonja tu. Ikulu ikafurahi, isipokuwa Obita, mbeba mkuki, ambaye samaki humwasha mwili mzima. Yeye alibaki na mchicha, akiutafuna huku anatazama dirishani.