Jino la Mama Wani
...au asiiweke kabisa hiyo dawa, adondoshe tu maji kwenye unga mtupu, akoroge, azibe, mama mkwe arudi zake sokoni Konyo Konyo na jino gumu, kwani si ugumu ndio kila mtu anaomba akikaa kwenye kiti hiki, daktari niwekee kitu kisichotoka, na huyu naye aliomba hivyo, au hakuomba, Roselyn hakumbuki tena aliomba nini, chupa ya maji ya tindikali ameiinamisha juu ya kipande cha kioo na tone halijaanguka, kando ya unga wa kuzibia kuna kijilima cha unga mwingine, dawa ya kuua vijidudu, na Susan, msaidizi wake, ameshika kijiko akingoja kuambiwa auchanganye au aufute, tuchanganye, daktari? na Roselyn anasema subiri, kwa sauti ya mtu anayejua anasubiri nini, kumbe hajui, kumbe masikio yake bado yapo kwenye yale maneno aliyosikia kabla hajamjaza mama pamba shavuni, Gune kufa na jino, ndivyo alivyosema, au alisema jina, hapana, jino, alikuwa amelishika kwa kidole, na Roselyn kwa haraka ya kazi akamwambia fungua, Mama, fungua zaidi, akamnyamazisha kwa pamba, na sasa akitaka kumwuliza lazima aitoe, akiitoa mate yatajaa, tundu litalowa, na kizibo hakishiki penye mate, kazi ianze upya... Gune, kaka yake Wani, kaka wa mumewe Roselyn, yule wa kwenye picha sebuleni kwao Nyakuron, mwenye shati la shule na tabasamu la kufunga mdomo, Gune alikufa kwa malaria, Wani ndivyo alivyosema, tangu uchumba alisema malaria, kule kambi ya wakimbizi Uganda, mvua na mbu, na Roselyn akasema pole na hakuuliza tena, mtu ataulizaje, sasa jino linatoka wapi, au mama anachanganya, homa imemchanganya, lakini hana homa, amempima, macho yake makavu yanatazama taa bila kupepesa, mwanamke huyu ambaye tangu harusi hajakanyaga nyumba yao, aliyesema mbele ya wajomba kwamba Mkenya atamchukua mtoto yangu aende naye Nairobi, leo asubuhi ameshuka kwenye boda peke yake, akakaa kwenye benchi na wagonjwa wengine, wala hakusema yeye ni nani, na Roselyn alipotoka kuita anayefuata alidhani macho yanamdanganya... daktari, joto, Susan anasema, unga utashika unyevu, ndiyo, subiri kidogo, ule mchanganyiko bila dawa una nguvu, hilo halina ubishi, chuoni mwalimu wao Griffin alifinyanga vipande vidogo, akavibana kwenye mashine mpaka vipasuke, vitupu vilivumilia, vyenye dawa kidogo vilipasuka mapema kidogo, vyenye dawa nyingi vilimeguka kama mandazi ya juzi, darasa likacheka, halafu akawaletea visahani alivyootesha vijidudu, na kuzunguka vile vipande dhaifu hakikuwa kimeota kitu, pete safi, na palipowekwa vile vyenye nguvu vijidudu vimetambaa mpaka ukingoni, basi kipi bora, mwalimu, na Griffin akasema inategemea unaogopa nini, wakaandika wakidhani ni jibu la mtihani... na huyu anaogopa nini, huyu anayetafuna mifupa ya mbuzi mpaka isagike, kuvunjika au kuoza, kama tundu lingekuwa refu angeweka yenye dawa chini na ngumu juu, lakini jino limebaki ukuta mwembamba, nafasi ni ya moja tu, na akiweka yenye dawa na ikimeguka mwezi ujao soko zima litasikia, mke wa Wani aliniwekea chokaa, na akiweka ngumu na uozo ukaendelea chini kimyakimya... Gune kufa na jino... kwa nini Wani aseme malaria, alimficha yeye au alijificha mwenyewe, au ndugu wote walikubaliana kusema hivyo kwa sababu malaria ni kifo ambacho watu hawakiulizi, nani anataka kusema mtoto wetu aliuawa na jino, nani atasadiki, yeye mwenyewe daktari wa meno na hakuwahi kujiuliza kwa nini mvulana yule anatabasamu na mdomo umefungwa. Susan, anasema, na kabla hajamaliza kufikiri vidole vyake vimeshaitoa pamba, moja, nyingine, Susan anashtuka, daktari, litalowa, na lilowe.

"Mama, Gune alikufaje?"

Mama Wani anameza mate, anatazama taa, halafu anamtazama yeye, labda kwa mara ya kwanza, na anasema polepole shavu lilivimba, halafu shingo, mtoto akashindwa kumeza hata maji, wakambeba kutafuta daktari na daktari hakuwapo, Wani ndiye alikuwa amemshika kichwa, Wani alikuwa mdogo, tukamwambia ni malaria.

"Yeye hajui mpaka leo," anasema. "Mimi iko nasema kwa wewe tu."

Kwa hiyo Wani hakudanganya, alidanganywa, na sasa neno hili amepewa yeye, aende nalo nyumbani au alizibe hapahapa, hajui, na bado tundu liko wazi na limelowa, na kitu kimoja tu ndicho anaweza kukisema bila kukosea, anakisema, kwamba kuna ya kuzibia yenye dawa, italinda jino lisioze chini, lakini si ngumu sana, Mama, itavunjika mapema.

"Ikivunjika, nitakuja kwako," anasema Mama Wani. "Nyumbani ama hapa?"

Roselyn anataka kujibu, Susan ameshaanza kukausha jino, pamba inarudi, mdomo unafunguka, macho yale makavu yanarudi kwenye taa, tuchanganye, daktari? changanya, anasema, changanya vyote viwili, na bado anatafuta jinsi ya kumwambia mtu ambaye hawezi kujibu kwamba ni nyumbani, Mama, nyumbani.