Omutwe, Enda, Amaguru

Edvina alikuwa amefundisha darasa la nne miaka kumi na minne pale Buganguzi, na vumbi la chaki lilishamfika kifuani. Mwalimu mzima kukohoa kila asubuhi kama mzee wa tumbaku! Ndipo akasikia kuna ofisi Bukoba mjini inayotengeneza tovuti, inatafuta mtu mmoja wa kuajiri. Cheti hawakitaki, wanataka kuona ukurasa mmoja uliotengenezwa na mwombaji kwa mkono wake mwenyewe. Edvina akajisemea, mimi huyo.

Alijifunza kwa video, sebuleni, kwenye kompyuta kuukuu. Ukurasa wake ulihusu kahawa ya Muleba. Sasa, kila sehemu ya ukurasa huwa unaipa jina ndipo uipambe, na majina ya Kiingereza yalikuwa yanamtoroka. Akatumia ya nyumbani. Sehemu ya juu akaiita omutwe, yaani kichwa. Ya katikati enda, tumbo. Ya chini amaguru, miguu. Kompyuta ikakubali. Haijui Kihaya, lakini angalau haina dharau.

Shida ilikuja miguuni. Siku tatu alihangaika kuipaka rangi ya kijani, ikabaki nyeupe pe. Mumewe, Privatus, asiyejua lolote kuhusu mambo hayo, akainama begani kwake, akasoma herufi moja moja, akaangua kicheko.

"Mwalimu, hapa umeandika amaguru, huku chini amagulu. Sisi Wahaya na hizi r na l, tutapatana nazo lini?"

Kweli bwana. Mdomoni ni mamoja, lakini kompyuta haina masikio. Akasahihisha, kijani kikaja, akamkumbatia mumewe palepale. Alimpenda sana siku ile, tusifiche. Na hakuna mtu mwingine aliyewahi kuuona ukurasa ule.

Siku alipoupeleka Bukoba, Lilian, mkuu wa ofisi, aliutazama ukurasa, akamtazama Edvina, uso ukabadilika.

"Dada, huu tunao. Kyaruzi alituletea wiki iliyopita, na nafasi tumeshampa."

Akaufungua ule wa Kyaruzi, pamoja na maandishi yanayokaa nyuma yake. Omutwe. Enda. Amaguru, kwa r, kote kuwili.

"Umeunakili wapi?" Lilian akauliza.

Kyaruzi ni mdogo wake Privatus, tumbo moja. Edvina angeweza kujitetea, lakini kujitetea ni kumtaja mwizi, na mwizi alikuwa amelala naye kitanda kimoja jana yake. Akaaga kwa adabu, akaenda kulia kwenye choo cha stendi, mguu umezuia mlango kwa sababu haukuwa na komeo.

Nyumbani hakungoja hata kuvua viatu.

"Umempa Kyaruzi kazi yangu?"

Privatus hakukana. Afadhali angekana.

"Wewe una ajira ya serikali, Mwalimu. Mwenzako mwaka wa tano huu anazunguka na bahasha. Ungeipata wewe, mama ningemtazama kwa macho gani? Mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe."

"Kumbe miaka yote hii mimi nilikuwa nakula tu."

Iliuma kuliko choo cha stendi. Angeibiwa na mtu baki angepiga yowe, kijiji kizima kikaja. Huyu angempigia nani yowe?

Privatus alikohoa kidogo, akajikuna shingo.

"Ila kuna jambo. Anaanza Jumatatu, na hajui hata pa kuanzia. Nimemwambia utamfundisha. Si ndiyo kazi yako?"

Edvina akainama, akavua viatu.

"Mwambie aje," akasema. "Jumatatu, saa mbili kasoro robo, darasa la nne. Avae kaptura, na asisahau ufagio."

Privatus akacheka. Alipoona anacheka peke yake, akaacha.