Matawi Mbele ya Butiki ya Generose

Jumatatu hiyo asubuhi Generose alikuwa anapepeta ndagala, dagaa wa ziwani, mbele ya butiki yake, karibu na daraja la Mulongwe, akitenga vichwa vilivyokatika na mchanga uliobaki. Mbuzi wa jirani alikuwa anangoja vichwa, na kuku walikuwa wanangoja vile mbuzi atakavyoviacha. Alipoinama kumimina kwenye beseni, aliona matawi mawili ya mchikichi yamesimama barabarani, moja huku, moja kule, kama yanavyosimikwa mbele ya nyumba iliyofiwa ili magari yapunguze mwendo. Hakuyasimika yeye. Aliyang'oa, akampa mbuzi, akaendelea kupepeta. Alipoinua kichwa matawi yalikuwa yamesimama tena, mabichi, na mbuzi alikuwa bado anatafuna yale ya kwanza.

Mtu wa kwanza kumpa pole alikuwa Concilie, anayeuza ndagala upande wa pili wa barabara. Alivuka akiwa amejifunga kitambaa cha kilio kichwani.

"Pole sana, Mama Olga."

"Pole ya nini? Mama yangu nilimzika kule Bwegera mwezi uliopita, na weye ulikuja, ukakula, ukabeba na ya watoto."

"Pole ya mama yako nilishatoa. Hii iko pole yako weye. Wamekuandika kwenye paji."

Concilie alimwonyesha simu. Paji ndio ukurasa wa mtandaoni, na huo ulikuwa wa Generose mwenyewe, ule anaouzia ndagala zake, na juu ya jina lake palikuwa na ua dogo na maneno: Tunamkumbuka Generose. Generose alisoma pole pole, akasoma tena, kisha akarudisha simu akiwa ameishika kwa mikono miwili, kama kitu cha watu.

Huo ukurasa ndio ulikuwa soko lake. Zamani alikuwa na kibao cha mbao chenye samaki aliyechorwa, lakini mto ulipofurika ulikichukua pamoja na jiko na viatu vya kanisani, na yeye hakuona sababu ya kuchora kingine. Watu walimpata kwenye simu. Kila Jumamosi aliweka picha ya ndagala zilizoanikwa juu ya nyavu, na chini yake kitendawili. Atakayekitegua kwanza anaongezewa kikombe bure. Ameuawa na taa, amezikwa na jua, na bado anapanda gari kwenda Bukavu: ni nani huyo? Watu wa Bukavu, wa Baraka, wa Bujumbura ng'ambo, waligombania kujibu kwamba ni ndagala, anayevuliwa usiku kwa taa na kukaushwa mchana juani. Kilikuwa rahisi, na alikiweka makusudi siku ambazo biashara imelala. Namba za watu hao hakuziandika popote. Za nini? Walikuwa wote mle ndani, kama kuku bandani.

Ila banda halikuwa lake. Jolie, mtoto wa mdogo wake, aliyekuwa na chumba cha fotokopi na kompyuta karibu na kanisa, alikuwa amemwambia mapema.

"Shangazi, pale kwenye paji unapanga tu. Mwenye nyumba haumjui, na yeye hakujui. Uza pale, sikatai, bantu wamejaa pale. Lakini ujenge na siti yako pembeni, tovuti yenye jina lako, bei yako, namba yako, na njia ya kufika. Siku wakikufukuza kule, bantu watakukuta huku."

"Nani anifukuze? Minye silipi kitu."

"Njo hiyo, shangazi. Haulipi kitu. Sasa utamgombeza nani?"

Generose alicheka, akamfungia ndagala za kupeleka nyumbani.

Kisha mama yake alifariki, na Generose akafanya kama tunavyofanya wote huku kwetu: alitoa picha yake juu ya ukurasa, akaweka ya mama, na mshumaa unaowaka pembeni. Picha ilikuwa ya mama akiwa bado na nguvu zake, na mama na binti walikuwa wamefanana kuanzia paji la uso hadi kidevu. Wateja waliandika kwa wingi. Waliomjua Generose waliandika pole. Wale wasiowahi kumwona, waliokuwa wakiletewa ndagala kwa gari na kwa pikipiki, waliona mama wa ndagala amewekewa mshumaa, nao wakaandika kwaheri. Pumzika kwa amani, hatutasahau mkono wako. Kwaheri zilizidi pole. Huko mbali, mahali zinapotunzwa kurasa zote, zilipimwa, na Generose akawa amekufa. Hawakumuuliza. Marehemu haulizwi.

Kufika mchana viti vya kanisa vilikuwa vimepangwa mbele ya butiki, chini ya hema. Akina mama wa kwaya walikaa kwenye mikeka. Florentine, mwenye restora ya chakula karibu na parking ya magari, ambaye hakuwahi kupitisha wiki bila kununua, alimshika Generose mkono kwa muda mrefu.

"Nikupimie?" Generose aliuliza.

"Hapana, Mama Olga. Hainunuliwi kitu penye kilio. Uko unajua."

"Lakini minye niko hapa."

"Uko hapa, njo maana tumekuja."

Na watu wa kilio lazima wale. Hilo halina mjadala, kuanzia Mulongwe mpaka milimani. Mwenye msiba ndiye anayelisha, na mwenye msiba alikuwa yeye. Generose alifungua gunia la kwanza, akakaanga ndagala kwa mawese na nyanya, akasonga bugali. Walikula wakaomba tena. Walisema marehemu alikuwa na mkono mzuri, na Generose aliwashukuru. Kesho yake walikuja wengine waliokuwa hawajafika jana, na wale wa jana walirudi kuwapokea.

Mchungaji aliuliza mwili uko wapi. Generose akasema ndio huu. Mchungaji aliutazama, akasema utasubiri kwanza, kwa sababu makaburini bado kulikuwa na maji.

Jolie alikuja akamsaidia kuwaandikia wenye mtandao. Jibu lilifika kabla hawajaweka simu chini: Tunasikitika kwa msiba wako. Ni jamaa wa karibu tu wa marehemu anayeweza kuomba mabadiliko. Generose aliandika kwamba hakuna jamaa wa karibu kuliko yeye. Walijibu kwamba wanasikitika kwa msiba wake. Alituma picha yake akiwa ameshika kadi ya mpiga kura chini ya kidevu. Waliipokea picha, wakaiweka kwenye ukurasa pamoja na kumbukumbu nyingine, na kabla ya jua kushuka nyuma ya milima watu wengi walikuwa wameiwekea mioyo. Mmoja aliandika kwamba amelala kama malaika. Macho yalikuwa wazi kabisa katika picha hiyo.

"Kuna ofisi yao wapi?" Generose aliuliza. "Hata kama iko Kinshasa, nitapanda gari, nitapanda ndege."

"Hakuna ofisi, shangazi. Kuna hii tu," Jolie alisema, akigusa kioo cha simu.

"Basi unijengee ile yako."

Jolie alimjengea. Ilikuwa tovuti ndogo kama chumba cha mbele: jina la Generose, picha ya nyavu, bei ya kikombe na ya gunia, namba ya simu, na maelezo kwamba ukishavuka daraja unaangalia upande wa ziwa. Ilifunguka vizuri. Generose alikaa mbele yake kama anavyokaa mbele ya meza sokoni, mikono juu ya magoti. Hakuna aliyekuja. Wateja wake wote walikuwa kule kwenye ukurasa wenye ua, na kule hakuweza kuandika hata neno moja, kwa kuwa wafu hawapewi nafasi ya kuandika. Wao kwa wao walikuwa wameanza kutegeana vitendawili, kwa kumkumbuka. Majibu mengine yalikuwa ya makosa, na hakukuwa na mtu wa kuwasahihisha.

Mtu mmoja alifika. Aliitwa Vainqueur, muuza mchele wa Luvungi, aliyekuwa akitafuta kwenye simu yake ndagala zisizo na mchanga akaikuta tovuti. Ule ukurasa hakuwahi kuujua. Alikuja na pikipiki, akaiegemeza kwenye tawi moja la mchikichi bila kuliona, na tawi likaibeba.

"Mama, nasikia nyimbo. Kuna kilio?"

"Kipo."

"Iko kilio ya nani?"

"Yangu."

"Aa, pole, mama. Sasa, unanipimia?"

Alimpimia. Vainqueur alitafuna moja, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema atarudi na atawaambia wenzake. Kwake Generose alikuwa mzima kabisa. Ila aliondoka na robo ya gunia tu, kwa maana nyingine zilikuwa zimeshaliwa na waombolezaji, na penye sufuria wengine walikuwa wanangoja. Wageni wa namna hiyo walikuwa wakija mmoja mmoja. Wanaompenda walikuwa wakija kwa makundi, na hakuna aliyekuja kununua.

Generose alijipa moyo kwa jambo moja. Bintiye Olga alikuwa na meza yake ya ndagala sokoni Bukavu, na meza hiyo haikuwahi kuuza kitu kingine ila mzigo wa mama yake. Mzigo wa Olga peke yake ungeweza kuisimamisha butiki. Alimpigia simu, lakini Olga aliona jina la marehemu linaita, akalia, hakupokea. Basi alimngoja. Barabara ya Bukavu ilikuwa imefungwa Kamanyola, kisha ikafunguliwa.

Olga alifika akiwa amenyoa nywele. Alipita kati ya matawi, akamwangukia mama yake kifuani.

"Mama, ungeniambia."

"Ningekuambia nini?"

"Kama uko unaugua."

"Sikuugua."

"Njo mbaya zaidi," Olga alisema, akalia upya.

"Olga, uniangalie. Shika hii mikono. Si iko ya moto?"

"Iko ya moto, mama."

Alikubali kila alichoambiwa. Alikubali kwamba mikono ni ya moto, kwamba sauti ni ile ile, kwamba chai ina sukari nyingi kama siku zote. Alimkanda mama yake miguu, akamwambia habari za watoto, ambazo alikuwa ameziweka zote ili amwambie kaburini. Generose alimwonyesha tovuti. Olga aliitazama kwa heshima, kama mtu anavyotazama kaburi lililosakafiwa vizuri.

"Jolie amekufanyia vizuri, mama."

"Basi ubebe mzigo. Nimekuwekea gunia moja, sikulipika. Njo la mwisho."

Olga alikunja ncha ya kitenge chake, akaikunjua.

"Mama, Bukavu yote imeona kwenye paji. Minye mwenyewe niliandika, niliandika maneno marefu. Sasa nikianika ndagala zako pale mezani, wataniuliza: ndagala za marehemu unazitoa wapi? Nani atakula? Watahama kwangu, waende kwa wengine. Na watoto wako shuleni."

"Hawa wanaokaa hapa nje wanakula."

"Hapa iko kilio, mama. Kwenye kilio inaliwa."

Hata Generose angesema vile vile. Nje mama wa kwaya walikuwa wanaulizia chumvi.

"Utajaza meza yako na nini?" aliuliza.

"Nilikuwa nawaza kuuliza kwa Mama Concilie."

"Concilie anachanganya. Juu anaweka za nyavu, chini anaweka za mchanga. Utauziwa udongo."

"Sasa nitafanya aje?"

Generose alivaa kandambili, akafunga kitenge vizuri. Mama na binti walivuka barabara pamoja. Kwa Concilie alimwambia Olga aingize mkono mpaka chini ya gunia, asichukue za juu. Atie moja mdomoni, aitafune na meno ya nyuma, na kama inalia kama mchanga airudishe. Aangalie ubavu kama bado unang'aa. Olga alifanya hivyo. Magunia mawili walikataa, la tatu likakubaliwa. Concilie hakukasirika. Alisema ni vizuri kufundishwa na mtu asiyekuwa tena na haja ya kushindana.

Jolie, aliyewafuata, alikuwa amesimama mlangoni. Alimwambia Concilie naye afikirie kujenga tovuti yake, kwa kuwa amekwisha kuona yaliyompata shangazi.

"Minye niko na paji," Concilie alisema. "Tena sasa hivi bantu wa Mama Olga wote wanahamia mle. Kila siku wanaingia. Nitawatoa niwapeleke wapi?"

Alitoa simu ili apige picha ya mteja wake mpya wa Bukavu na gunia lake, aiweke kabla gari halijaondoka. Olga aliweka mkono juu ya gunia. Generose alikuwa bado ameinama upande wa pili, anafunga mdomo wa gunia kwa kamba, lile fundo lake ambalo halifunguki njiani.

"Mama Olga, usogee kidogo," Concilie alisema. "Weye ukionekana, bantu wataanza kuniandikia pole."

Generose alikaza fundo, akasogea.